Zamu ya Pampu

Saa tisa na robo usiku. Zabrze, Februari.
Theluji inaingiwa na masizi kabla haijatua.
Wanamleta Ginter Pyka, miaka sitini na minane,
uso wa jivu, jasho la baridi,
na chini ya kucha ule weusi wa makaa
ambao hata pensheni haikuuosha.

Mshipa wa kushoto umezibika pale pale unapochipukia.
Kwenye kiwambo moyo haupigi, unatetema tu.
Daktari Wieczorek anautazama, anavuta pumzi:
"Kabla sijaugusa, tuupe wa kuushika mkono."

Namkabidhi pampu.
Nyembamba kama penseli,
ncha imejikunja mkia wa kinyonga.
Inaingia kinenani, inapanda kinyume cha mkondo,
inachungulia mlango wa chumba cha kushoto,
inajipenyeza, inaanza kunywa:
inanyonya huku, inatema kule,
mizunguko elfu arobaini na nne kwa dakika,
nami niliye hatua mbili tu
sisikii hata mnong'ono.

Ndipo waya ukapita, puto likavimba.
Sekunde ishirini moyo uliacha kazi kabisa.
Damu haikuacha.

Alfajiri Truda, mkewe, akamshika kiwiko cha mkono,
akatafuta, akahamisha kidole, akatafuta tena.
"Hakuna kitu hapa," akasema.
Nikamwonyesha mstari, karibu umenyooka:
damu inapita, mama,
ila siku hizi haibishi hodi.

Akakaa. Akanisimulia bila kuulizwa:
miaka thelathini na mmoja mlinzi wa pampu,
mita mia tatu na ishirini chini ya ardhi.
Wenzake walikata makaa, yeye alizuia maji.
Makaa hungoja, alikuwa akisema, maji hayangoji.
Mkesha wa Krismasi alikula samaki wake huko huko,
amefungwa kwenye gazeti.
Na mgodi ulipofungwa akawa anaamka saa tisa,
anavuta kiti jikoni, anakaa kando ya friji
apate kusikia kitu kinachozunguka.

Siku ya pili mkojo ukageuka chai ya rangi:
chembe za damu zinasagika kwenye gurudumu.
Vidole vya mguu wa kulia vikapoa, vikawa zambarau.
Tupunguze? Tuiondoe? Tungoje?
Utafiti mmoja wasema inaokoa,
mwingine wasema inavujisha watu damu,
na yote miwili ina majedwali yake,
na hakuna jedwali lenye Ginter ndani.
Kitanda cha nne alilala mwalimu wa akodiani,
pampu ya aina ile ile, usiku ule ule.
Ile niliizima mimi mwenyewe, saa tano asubuhi,
mwanawe akiwa bado njiani kutoka Opole.

Ya Ginter tuliishusha ngazi kwa ngazi.
Nane. Sita. Tukangoja. Sita tena.
Nne. Sławek alikunywa kahawa akiwa amesimama.
Kwenye mbili mstari ukainua mgongo,
kilima kidogo, kisha kingine,
kama mtu anayejaribu goti lililovunjika.

Siku ya nne tuliivuta.
Nilibana kinena chake dakika arobaini, vidole vikafa ganzi.
Pampu ikaenda kwenye pipa jekundu pamoja na bandeji,
haikusindikizwa na mtu.

Alipotolewa mrija kooni, sauti ilikuwa changarawe.
Hakuuliza habari za moyo, wala mguu.
Aliuliza: "Nani alikuwa zamu?"
Nikamjibu: mimi usiku, Sławek mchana,
Jumapili dada Hildegarda.
Akanitazama kama mnyapara:
"Mliandika?"
Kila saa, nikasema. Kila saa.

Akafumba macho.
Nje, magari ya chumvi yalikuwa yakipita barabarani,
naye, nadhani, alikuwa akiyasikiliza.